Sukari kushuka usiku baada ya kuvuta nyavu

Dada, umeuliza kwa nini baba yako anayejidunga insulini hutetemeka na kulowa jasho saa nane za usiku, siku aliyovuta nyavu hapo Bagamoyo, ilhali mchana alikuwa mzima.

Mwili huweka akiba ya sukari iitwayo glaikojeni: gramu 100 hivi kwenye ini, 400 hivi kwenye misuli. Ya ini ndiyo hulisha damu tukiwa hatujala. Ya misuli haitoki, huliwa humo humo. Baada ya kazi nzito misuli hufyonza sukari ya damu ili kujaza ghala lake, hata kwa saa 24, na insulini nayo hulizuia ini lisitoe yake. Usiku ndio unaonitia hofu, maana amelala.

Akitetemeka, pimeni. Sukari ikiwa chini ya 4 mmol/L, au hamna kipimo, mpeni vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji. Si maandazi, mafuta huchelewesha. Pimeni tena baada ya dakika 15, bado iko chini rudieni. Ikipanda, ale muhogo. Akipoteza fahamu msimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa: mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali. Dozi ya siku za bahari aipange na daktari wake, asikisie.