Akaunti iliyolala si akaunti mfu

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepokea barua ya benki kwa Kiingereza inayosema kwamba akaunti niliyoifungua miaka kadhaa iliyopita, nikaiacha bila kuweka wala kutoa fedha, sasa ni "dormant". Jirani yangu aliniambia kuwa maana yake ni akaunti mfu, nami nikaamini kwamba fedha zangu zimepotea. Jioni ileile mwanangu wa kidato cha tatu akanisomea katika daftari lake la jiografia kwamba Kilimanjaro nao ni "dormant". Neno hili lina maana gani hasa, na kwa Kiswahili tuseme nini? – Msomaji, Moshi.

JIBU: Ndugu msomaji, jirani yako alikuwa na nia njema, lakini tafsiri yake imekutia hofu bure. Neno "dormant" liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, nacho kililirithi kutoka kitenzi cha Kilatini "dormire", yaani kulala. Shina hilohilo ndilo lililozaa neno la Kiingereza la bweni, "dormitory". Kwa hiyo kinachoitwa "dormant" kimetulia kwa muda, lakini uwezo wake wa kuamka haujakitoka.

Daftari la mwanao linaweza kukuonyesha tofauti hiyo hapohapo ulipo. Kilimanjaro una vilele vitatu vya volkano: Shira na Mawenzi zimekufa, ilhali Kibo, chenye mita 5,895, kimelala. Ndani ya kreta ya Kibo bado kuna matundu yanayotoa gesi yenye joto na harufu ya kiberiti, jambo ambalo mlima mfu haulifanyi. Ukitaka kuona volkano iliyo macho, nenda Ol Doinyo Lengai, ambao ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007 na kuendelea hadi 2008. Mwalimu anayeandika ubaoni "volkano mfu" akiwa anakusudia Kibo huwanyima wanafunzi wake jambo kubwa kuhusu mlima wanaouona kila asubuhi.

Waingereza hulitumia neno hili pia kwa mbegu, kwa vijidudu vya maradhi vilivyojificha mwilini bila kuleta dalili, na kwa wanyama wanaopitisha msimu mgumu bila shughuli. Mbegu ya mbuyu, kwa mfano, ina gamba gumu mno, na inaweza kukaa ardhini muda mrefu pasipo kuota mpaka gamba hilo lilainike au likwaruzwe. Hata hivyo, mtoto aliyelala kitandani haitwi "dormant". Yeye ni "asleep". Na kitenzi kinachoandamana nalo mara nyingi ni "lie" au "remain", kama katika "the seeds lay dormant", yaani mbegu zilikuwa zimelala.

Kwa Kiswahili ninapendekeza tuseme "-liolala": volkano iliyolala, akaunti iliyolala, mbegu zilizolala. Nakiri kwamba kitenzi chetu kina kazi nyingine, kwani wali uliolala ni kiporo tu, nao hausubiri kuamka. Lakini hakuna atakayedhani kwamba mlima umekuwa kiporo, kwa hiyo muktadha unatosha kuondoa utata. Nisichokikubali ni "-liodorora", ambalo baadhi ya waandishi hulichagua, nadhani kwa kuvutwa na mfanano wa sauti. Biashara iliyodorora bado inaendelea, ila kwa unyonge: muuzaji yupo dukani, mlango uko wazi, wateja ni wachache. Iliyolala imefungwa mlango, na mwenyewe anao ufunguo.

Hali ya akaunti yako ndiyo hiyo. Benki huihesabu akaunti kuwa imelala pale ambapo mwenyewe hajaigusa kwa muda uliowekwa. Makato ya benki na riba inayoingizwa na benki yenyewe kwa kawaida havihesabiwi kuwa ni wewe umeigusa. Nenda tawini na kitambulisho chako, uombe akaunti ihuishwe, maana ndivyo watumishi wa benki wanavyosema, na uulize ni makato gani yaliyofanyika katika kipindi chote hicho. Usikawie, kwa sababu sheria huruhusu fedha zilizoachwa kwa miaka mingi zihamishwe kutoka benki na kukabidhiwa mamlaka ya umma, na kuzidai huko ni safari ndefu zaidi.