Mchanga wa Paka: Vumbi, Mabonge na Bei

Barua za mwezi huu karibu zote zimeuliza jambo moja: mchanga wa choo cha paka anayeishi ndani. Watu wanautaka ule unaoshikana mabonge, usiotimua vumbi, na ambao mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuununua mwezi baada ya mwezi. Maswali nimeyafupisha, maana yake nimeiacha ilivyo.

Dada, dukani nimekuta mifuko ya kila aina, bei zinapishana sana, na yote imeandikwa kwamba haina vumbi. Nitajuaje kabla sijapoteza hela? (Tabata, Dar es Salaam)

Kwa kuwa maneno hayo yako kwenye kila mfuko, hayawezi kukusaidia kuchagua. Kinachosaidia ni kujua kilichomo. Mchanga unaoshikana, hasa, si mchanga. Ni udongo uitwao bentonaiti, uliotokana na majivu ya volkano ya zamani sana. Upo wa sodiamu na upo wa kalisiamu. Ule wa sodiamu ukipata maji huvimba mara kadhaa, chembe zikang'ang'aniana. Wa kalisiamu hunywa mkojo vizuri lakini hauvimbi sana, ndiyo maana bonge lake humomonyoka ukiligusa. Mifuko ya bei ya chini mara nyingi ni huo.

Nunua mfuko mdogo kuliko yote, kisha uujaribu nyumbani. Tia mchanga nusu kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, funga, tikisa kwa nguvu, uiweke dirishani penye jua. Hesabu hadi thelathini. Kama ndani bado kuna ukungu, huo ukungu ndio paka wako atakaouvuta kila akifukua. Halafu jaza bakuli mchanga wa kina cha vidole vitatu, mimina vijiko vitatu vya maji mahali pamoja, ngoja robo saa, nyanyua bonge na uliangushe kutoka kimo cha shibiri. Likibaki zima, umepata. Likisambaratika, kila siku vipande vya mkojo vitabaki kwenye beseni, na baada ya wiki harufu itakulazimisha umwage wote.

Hapo ndipo bei halisi inapojitokeza. Tuseme mfuko wa kilo 5 ni shilingi 15,000 na mwingine wa uzito uleule ni 25,000. Ule wa kwanza ukiumwaga wote kila wiki, mwezi unakula mifuko minne: 60,000. Wa pili unachota mabonge tu na kuongezea kidogo. Kwa paka mmoja mifuko miwili kwa mwezi inatosha, mara nyingi hata isiishe. Hiyo ni 50,000 kwa wingi wake. Uangalie pia kipimo, maana wengine huuza kwa kilo na wengine kwa lita, na mchanga wa mbao au wa soya ni mwepesi kuliko udongo. Wenye manukato uache. Pua ya paka ni kali kuliko yetu, na wapo wanaosusa beseni kwa sababu hiyo tu.

Paka wangu anajikunyata chini, ananyoosha shingo mbele na kukohoa kama anataka kutapika nywele, lakini hakitoki kitu. Mume wangu naye ana pumu. Inaweza kuwa ni mchanga? (Mombasa)

Inaweza. Mkao huo unaoueleza ndio mkao wa paka mwenye pumu, kwa hiyo kwanza mpeleke kwa daktari wa mifugo, na umrekodi kwa simu anapokohoa, kwa sababu akifika kliniki huenda asikohoe kabisa. Paka hupata pumu kama sisi, na vumbi ni kati ya vitu vinavyoichokoza. Fikiria anavyofukua: uso wake uko karibu kugusa mchanga. Vumbi la udongo huwa pia na chembe laini za silika, ambazo mapafu ya kiumbe chochote hayazipendi.

Kwenu ningeachana na udongo kabisa kwa sasa. Ipo michanga inayotengenezwa kwa makapi ya soya, kwa mahindi au hata kwa muhogo; inashikana, na vumbi lake kwa kawaida ni dogo. Ni ghali zaidi, sitakuficha, na kwa unyevu wa pwani huweza kuota ukungu. Weka mfuko kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana na utoe kidogo kidogo. Ikikushinda bei, vidonge vya mbao havishikani mabonge lakini vina nafuu kwa kifua. Ukimimina mchanga wowote, mimina taratibu karibu na beseni, dirisha likiwa wazi, paka na baba wote wakiwa nje ya chumba. Kama beseni lina paa, liondoe. Linafungia vumbi ndani pamoja na paka. Mchanga mpya mwekee kwenye beseni la pili kando ya lile la zamani mpaka auzoee, usimbadilishie ghafla.

Bibi yetu Pangani alitumia majivu na mchanga wa pwani, hakununua chochote. Kwa nini sisi tununue? Siwezi hata kuchanganya nusu kwa nusu? (Tanga)

Bibi yenu alifanya walivyofanya watu wengi duniani. Hata Marekani walitumia mchanga, majivu na unga wa mbao, mpaka mwaka 1947, katika mji wa Cassopolis, jimbo la Michigan, jirani mmoja alipomwendea Ed Lowe kuomba mchanga. Alikuwa amechoka na nyayo za majivu nyumba nzima. Lowe akampa punje za udongo mkavu ambazo familia yake iliuza za kunywea mafuta yaliyomwagika, naye akarudi kutaka zaidi. Biashara yote ya mchanga wa paka ilianzia hapo. Huo wa kushikana ulikuja baadaye, miaka ya 1980.

Majivu siyashauri: ni vumbi tupu, na yakilowa hutoa magadi yanayochoma nyayo. Mchanga wa pwani unafaa ukiuosha chumvi, ukaukausha juani na kuubadilisha wote angalau mara mbili kwa wiki. Maranda ya mbao, yale wanayotandikiwa kuku, yanafaa pia. Uyachekeche unga utoke. Lakini kuchanganya, hapana. Mchanga wa kawaida hukaa katikati ya chembe za bentonaiti na kuzizuia zisishikane, na ule uliolipia unakuwa umeuharibu.

Nina mimba ya miezi minne. Mama mkwe anasema paka aondoke nyumbani. (Nairobi)

Si lazima aondoke. Hofu ya mama ni ya kijidudu kiitwacho toksoplazma, kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na ni hofu yenye msingi, kwa hiyo usimpuuze. Mwelezee hivi: kijidudu hicho kikitoka kwenye kinyesi cha paka kinahitaji siku 1 hadi 5 kabla hakijaweza kuambukiza. Kinyesi kikichotwa kila siku, hatari inapungua sana. Kazi hiyo aifanye baba watoto mpaka ujifungue. Kama hayupo, vaa glavu na unawe kwa sabuni. Paka alishwe chakula kilichopikwa au cha dukani, asitoke kuwinda panya. Na wewe mwenyewe epuka nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa, kwa kuwa watu wengi huambukizwa kwa njia hiyo, hata wasiofuga paka. Mweleze pia daktari wako wa kliniki ya wajawazito.

Dume langu lilikuwa linaacha mabonge mawili matatu makubwa kwa siku. Tangu jana ni vitone kama njugu, na linakaa muda mrefu kwenye beseni likilia. Nibadilishe mchanga? (Zanzibar)

Mchanga hauna kosa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii, hata kama ni usiku. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba, ikiziba anaweza kufa ndani ya siku chache. Huyu nilimjibu siku ileile barua ilipofika. Hapa nairudia kwa ajili ya wengine. Ndiyo sababu napenda mabonge: yanakuonyesha amekojoa kiasi gani. Yakianza kuwa makubwa kupita kawaida na maji ya kunywa yanaisha upesi, napo mpeleke, apimwe figo na kisukari.

Nina vitoto vya paka vya wiki tano. Natumia huohuo? (Morogoro)

Bado. Wanaonja kila kitu, na udongo unaovimba ukivimba tumboni ni balaa. Wape maranda au magazeti yaliyochanwa mpaka wafike karibu miezi mitatu.

Mabonge nayamwaga chooni? (Kinondoni)

Usiyamwage. Udongo utaendelea kuvimba ndani ya bomba, na kwenye shimo la maji taka utatulia chini. Funga kwenye mfuko, weka na taka nyingine. Beseni lioshe kwa maji ya moto na sabuni ya kawaida. Dawa za klorini zikikutana na mkojo hutoa mvuke unaochoma kifua, na zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia majini ni sumu kwa paka.