Uzio Mpya wa Mabomba: Upakwe Rangi Sasa au Usubiri Kutu?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimejenga uzio wa mabomba ya chuma nyumbani kwangu Gungu, Kigoma. Mabomba mengi ni meusi, ila nguzo za geti ni mabomba meupe ya maji. Fundi aliyechomelea ananishauri niuache uzio upate kutu kidogo ili rangi ishike. Je, nimsikilize?

JIBU: Ndugu msomaji, ushauri huo una asili yake, lakini umekufikia nusu. Bomba jeusi hutoka kiwandani likiwa na gamba jembamba lililotokana na joto kali, na mara nyingi juu yake hupakwa mafuta ya kulilinda. Ukipaka rangi juu ya hivyo viwili, rangi hushika gamba badala ya chuma, na gamba likibanduka huondoka nayo. Zamani chuma kiliachwa nje miezi kadhaa ili kutu ilisukume gamba hilo mpaka litoke, kisha kikasuguliwa hadi king'ae. Kazi hiyo ya kusugua ndiyo fundi wako hakuitaja, na ukiifanya sasa huna sababu ya kusubiri kutu.

Anza kwa kuondoa mafuta kwa kitambaa kilicholoweshwa tina (kiyeyusho cha rangi), ukikibadilisha kila kinapochafuka, kwa sababu ukitanguliza msasa utayasambaza. Mafuta ya taa siyapendekezi, kwani nayo huacha utando. Kisha sugua kwa brashi ya waya na msasa, ukikawia zaidi kwenye maungio, ambako masalia ya kuchomelea na punje za chuma zilizoruka lazima zigongwe zitoke. Aghalabu kutu huchungulia hapo kwanza. Futa vumbi, halafu paka rangi ya chini ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, maana chuma kitupu kikilala nje huamka na umande. Tanguliza brashi kwenye maungio peke yake, ndipo upake bomba zima mikono miwili, yaani mara mbili, na juu yake mikono miwili ya rangi ya mafuta, kila mkono ukauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Kazi hii ni ya kiangazi, kati ya Juni na Septemba, nayo ianze umande ukishakauka.

Nguzo nyeupe zina hesabu yake. Weupe ule ni zinki, na rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja humenyuka nayo na kufanya utando wa sabuni, rangi ikabanduka kama ganda la yai. Dukani ulizia rangi ya chini iliyotengenezwa kwa ajili ya zinki. Pale moto wa kuchomelea ulipounguza zinki, safisha na uzibe kwa rangi yenye unga wa zinki.

Kabla ya yote hayo, mrudishe fundi azibe kwa vipande vya bati nene ncha zote za mabomba zilizo wazi juu, kwa kuwa maji yakiingia humo huozesha chuma kwa ndani, mahali ambapo brashi haifiki. Zege la chini ya nguzo nalo liinuliwe juu ya udongo na kupewa mteremko, ili maji yasituame shinani.