Mwanangu, Mchezo Si Deni

Mwanangu,

Orodha yako nimeipata. Unauliza kama uape kutonunua gemu nyingine hata moja mpaka umalize zote ulizo nazo. Gemu 240, na ulizofika mwisho ni za kuhesabika kwa vidole. Unasema jioni ukifungua maktaba yako unayapitia majina juu mpaka chini, kisha chini mpaka juu, halafu unazima kompyuta unakwenda kulala bila kucheza chochote. Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha kuandika. La kiapo ungeweza kuliamua bila mimi.

Bibi yako angekujibu kwa maneno manne, mtaka yote hukosa yote, akaendelea na shughuli zake. Mimi si mtu wa maneno manne, unanijua.

Tuanze na hesabu, maana najua umeshaipiga kimya kimya. Tuseme kila gemu inataka saa 20. Hapo nimekuwa mpole: The Witcher 3 peke yake, ukifuata na vile visa vya pembeni, inaweza kukulia saa 100. Saa 20 mara 240 ni saa 4,800. Kwa kazi yako na mambo yako mengine, tuseme unapata saa 6 kwa wiki. Hizo ni wiki 800, miaka 15 na ushei. Ukila kiapo leo, utakuja kununua gemu yako inayofuata ukiwa na mvi kama zangu, na gemu yenyewe itakuwa ya watu ambao sasa hivi wanajifunza kusoma.

Nilikuambia ukiwa mdogo, nakuambia tena: mchezo si deni.

Na hebu tuseme ukweli kuhusu hizo 240. Ulizitaka zote? Nakumbuka ile Humble Indie Bundle ya kwanza, mwaka 2010: unalipa kiasi unachopenda, unapewa gemu kadhaa kwa mpigo. Ulikuja mbio kunieleza kama mtu aliyeokota hazina. Wewe ulikuwa unaitaka moja tu. Zilizobaki zilikuja nayo. Kisha yakaja mapunguzo ya Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, ya kiangazi na ya majira ya baridi, na Desemba 2018 Epic Games Store wakafungua duka lao na kuanza kugawa gemu za bure. Kila Alhamisi ukawa unabonyeza kitufe, unaziweka ndani, husomi hata zinahusu nini. Mtu akikuwekea kitu mfukoni bila kukuuliza, tangu lini umekuwa na wajibu wa kukimaliza?

Lakini nyingine ulinunua kwa fedha yako, tena ya jasho, na hapo nakuwa na pande mbili. Upande mmoja unasema fedha imeshaondoka, kuijutia kwa kujilazimisha saa 40 nyingine ni kulipa mara ya pili. Upande wa pili unasema, basi mtu asinunue kwa sababu tu kimeshuka bei. Upande huu wa pili una sauti ya bibi yako. Tangu mwaka 2015 Steam wanakurudishia fedha ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa hujacheza zaidi ya saa 2, na mtu anaweza kusema basi jaribu, usipopenda rudisha. Sawa. Ila Red Dead Redemption 2 inakuburuza kwenye theluji karibu saa 2 kabla haijakufungulia dunia yake. Ungeirudisha ukiwa bado hujaiona.

Kingine kinachonikera ni zile medali. Zilianza kuenea na Xbox 360 mwaka 2005, kila ukifanya kitu unapewa alama, na baadaye karibu kila mtu akaiga. Tangu hapo gemu ikawa na asilimia, na asilimia isiyofika 100 inakutazama kama mwalimu wa zamu. Cha kuchekesha, takwimu hizo hizo ndizo zinazokutetea. Fungua ukurasa wa medali wa gemu yoyote ndefu, tafuta ile wanayopewa waliofika mwisho wa hadithi. Mara nyingi hawafiki nusu ya wachezaji. Kwa hiyo ukijiona mtoro, ujue darasa zima limetoroka.

Nimeandika yote hayo, lakini nilipoisoma orodha yako nilichokiwaza ni pasi ya Shangazi yako. Kisa hiki unakijua, najua. Lakini umekisikia kwake, na kwake kinaisha mapema mno.

Mimi na Baba yako Mdogo tulikuwa na kaseti moja tu ya gemu, Super Mario Bros., iliyotoka Japani mwaka 1985. Dunia 8, kila dunia hatua 4, jumla hatua 32, na hakuna mahali pa kuhifadhi ulipofika. Ukizima mashine umeizima na safari yote. Njia za mkato zipo. Kwenye hatua ya pili ya dunia ya kwanza ukipanda ukatembea juu ya dari unakuta mabomba ya kukurusha mpaka dunia ya nne, na huko dunia ya nne yamefichwa mengine ya kukufikisha ya nane. Anayezijua anaweza kumaliza kabla hajaitwa kuoga. Baba yako Mdogo alizijua, na alizikataa. Alikuwa na msimamo mzito kuliko umri wake: ukiruka, hujafika. Mimi ndiye mkubwa, lakini kwenye hilo nilimfuata.

Basi tukaenda hatua kwa hatua, wawili tukicheza kama mtu mmoja, pedi inabadilisha mikono kila Mario anapokufa. Unakumbuka kwamba mwisho wa kila ngome, kabla ya ile ya mwisho kabisa, unamkomboa mtumishi anayekuambia asante, ila binti mfalme yuko ngome nyingine. Baba yako Mdogo alikuwa anamjibu yule mtumishi kwa sauti, kila ngome, kwa hasira ile ile, kana kwamba safari hii atabadilisha maneno.

Usiku ule tulifika dunia ya nane, hatua ya nne. Ngome ya mwisho ni ya mabomba ya udanganyifu: ukiingia lisilo lake unarudishwa nyuma, unazunguka mpaka muda unakuishia. Tukaitwa kulala. Tukafanya walichofanya watoto wengi wa zama zile: tukabonyeza kitufe cha kusimamisha, tukazima runinga, tukaiacha mashine inawaka na taa yake ndogo nyekundu, tukaifunika kitambaa wakubwa wasione. Sikulala sawasawa. Nilikuwa nayapanga yale mabomba kichwani, na kwenye kitanda cha pili mwenzangu alikuwa anayataja kwa kunong'ona, na hatukukubaliana lipi la kwanza. Tulibishana gizani mpaka mmoja akasinzia katikati ya sentensi.

Asubuhi Shangazi yako akataka kupiga pasi. Soketi ilikuwa moja.

Tulipofika sebuleni sketi yake ilikuwa imeshanyooka, na waya wetu uko sakafuni. Baba yako Mdogo hakulia. Aliuokota waya, akautazama upande huu na upande ule, akauweka chini taratibu, akatoka nje. Shangazi yako alisema maneno ambayo anayasema mpaka leo kila kisa hiki kikitajwa, bila kupunguza hata herufi: "Niliona hakuna anayecheza."

(Kulikuwa na hila nyingine hatukuijua wakati ule: ukishakufa, ukishikilia A na kubonyeza Start, unaanzia dunia uliyofia badala ya kurudi mwanzo. Isingefua dafu mbele ya pasi, lakini nimeona niiseme.)

Sasa tazama ninavyojikwaa. Kama mchezo si deni, kama kumaliza si lazima, mbona bado nina kinyongo na dada yangu kwa kunizuia kumaliza? Nimelijaribu swali hili pande zote. Maana mwisho nilikuja kuupata. Nilimaliza gemu ile nikiwa mtu mzima, peke yangu, kwenye kompyuta, kwa programu inayokuruhusu kuhifadhi popote unapotaka, hata katikati ya kuruka. Binti mfalme akanishukuru, akanieleza kwamba safari yangu imekwisha na kwamba sasa kuna safari mpya, ambayo ni ile ile ila maadui wake ni wakorofi zaidi. Nikafunga dirisha nikaenda kujibu barua pepe za kazini. Hata Baba yako Mdogo sikumpigia simu.

Kwa hiyo mwisho haukuwa kitu, au ulikuwa kitu kidogo sana. Alichokichomoa Shangazi yako ni ile asubuhi, wawili tumeamka na ubishi wa mabomba tayari mdomoni. Hiyo hakuna programu ya kuirudisha.

Ndiyo maana swali lako linanipita pembeni. Wewe unauliza ufanye nini na gemu ambazo hujazimaliza. Mimi nataka kujua: katika hizo 240, ipo hata moja ambayo mtu akichomoa waya wake kesho asubuhi utapiga kelele? Ikiwepo, icheze hiyo, na zile 239 zinyamaze. Isipokuwepo, kiapo hakitakusaidia, utakuwa unafuta majina kwenye orodha. Mtu anayefuta majina kwenye orodha analipa, na nimeshakuambia kuhusu deni.

Au labda namwonea anayefuta majina. Wapo wanaofurahia kabisa kufuta, na wewe tangu utotoni ulipenda kupanga vitu kuliko kuvitumia. Zile rangi zako za kuchorea zilikuwa zinapangwa kila jioni, michoro sikuiona. Kwa hiyo sijui. Yaani najua, lakini nitajizuia.

Na huyo huyo Shangazi yako! Game Boy ilipotoka mwaka 1989 na Tetris ndani ya boksi, ikaja ikafika mikononi mwake. Tetris aliitunga Alexey Pajitnov kule Moscow mwaka 1984, na ukiicheza kwa namna ya kawaida kwenye Game Boy haina ushindi: matofali yanashuka, yanaongeza kasi, mwishowe yanakuzidi. Kila mchezo unaisha kwa kushindwa. Yule mwanamke anaicheza mpaka leo. Ana gemu moja maishani, hajawahi kuimaliza, hataimaliza, na hajawahi kumwandikia mtu barua ya wasiwasi. Ukimuuliza anasema yeye hana muda wa michezo.

Utaniambia unaweka akiba ya uzeeni. Baba yako Mdogo naye anasema hivyo, na yeye nimemjibu hivi hivi. Gemu za siku hizi hazikai sandukuni. The Crew ilitoka mwaka 2014, na 31 Machi 2024 wenyewe wakazima seva, basi ikawa haichezeki tena, hata kwa aliyetaka kuendesha gari lake peke yake. Kule California, tangu mwaka 2025 sheria inawataka wauzaji wamwambie mnunuzi wazi kwamba anachopata ni leseni, yaani ruhusa ya kucheza tu. Na akaunti yako ya Steam, kwa masharti yake, huwezi kumwachia mtu mwingine. Kaseti yetu ile iko kwa Baba yako Mdogo, kwenye lile boksi la viatu, na nina hakika ikichomekwa inawaka. Ila hoja hii nayo inaweza kukugeukia ukaanza kukimbizana nazo kabla hazijazimwa, na wewe mbio tayari unazo za kutosha. Iache.

Hapa nilikuwa nimeandika aya nzima ya kukuambia la kufanya. Mama yako akaisoma juu ya bega langu, akauliza nani ameomba hukumu. Nikamwambia ameomba mwenyewe, barua yake hii hapa. Akasema ameuliza, hajaomba. Nimeifuta, ingawa ilikuwa aya nzuri kuliko zote humu.

Jambo moja tu. Kwenye orodha yako umeandika It Takes Two, na mbele yake "haijamalizwa". Hiyo huwezi kuimaliza peke yako hata ukitaka, imetengenezwa ichezwe na wawili. Tuliiachia pale kwenye chumba cha mtoto, May na Cody, wale wazazi wa kwenye gemu, walipoamua kumburuta yule tembo mdoli, Cutie, naye anawasihi wamwache. Nikaweka pedi mezani nikakataa. Ulicheka mpaka ukakohoa. Bado nakataa, lakini nimekuwa nikiwaza wale wazazi wanaishia wapi, na mama yako naye kaniuliza.

Nimeshapakua lile toleo linalomruhusu mwenzako kucheza bila kununua, kwa kuwa wewe unayo. Jumamosi jioni nipo. Nasikia wachezaji wote wawili lazima wavute ndipo tembo asogee, kwa hiyo panga muda wa kutosha, maana kwanza tutabishana.

Baba yako