Ukikutana na bingwa mezani, acha ujanja

Jumatatu asubuhi nilikuta ujumbe wa msomaji: "Kaka, hongera kwa Jumapili. Sasa tuambie, sisi wa ridhaa kwenye poka tunawapigaje hawa wa kulipwa? Au ulibahatika tu?"

Hilo swali la mwisho liliniuma kidogo, nakiri. Nimezunguka nalo kichwani siku tatu. Jibu fupi ni kwamba ndiyo, nilibahatika. Jibu refu linaanza mwaka juzi, usiku nilipoaibishwa na mtu ambaye jina lake la mezani silitaji, maana bado yumo na bado anakusanya chipu, vile vijisarafu vya kuwekea dau, za watu kama mimi.

Mashindano ya usiku ule, ya mtandaoni, yalianza na watu zaidi ya elfu moja. Tulipobaki kama sitini hivi, mimi nilikuwa na chipu za kunitosha na kichwa kilichovimba. Nikahamishiwa meza mpya. Yeye ndiye alikuwa na kitufe, yaani nafasi ya kucheza wa mwisho, na mimi nilikuwa nimeshatoa dau kubwa la lazima, lile linalowekwa kabla ya kutazama karata, 2,000. Akapandisha hadi 4,400, wengine wakatupa, nami nikatazama karata zangu: kingi ya shupaza na saba ya kopa.

Mpenzi wa poka akisikia karata hizo anajua nilichofikiria. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, Marekani, alipata tiketi ya Mashindano ya Dunia ya Poka kule Las Vegas kwa kucheza kwenye intaneti, kwa kiingilio kisichofika dola 100. Washiriki walikuwa 839. Akawamaliza wote, akaondoka na dola milioni 2.5. Walipobaki wawili, yeye na Sam Farha, aliyekuwa akiishi kwa karata, Moneymaker aliweka chipu zote akiwa hana hata jozi. Alikuwa na kingi ya shupaza na saba ya kopa. Farha alikuwa na jozi ya tisa, akafikiri, akatupa. Mwaka uliofuata washiriki walifika 2,576, wengi wao watu wa kawaida waliojiambia "kumbe inawezekana". Mimi ni mtoto wa wimbi hilo. Kwa hiyo nilipoona kingi na saba, niliona ishara. Cheka tu, ruksa.

Nikafuata dau lake. Mezani zikafunuliwa karata tatu za wote: tisa, sita na mbili, kila moja na aina yake. Akaweka 3,600, nikafuata bila sababu yoyote zaidi ya kiburi. Karata ya nne ikawa kwini. Akapita bila kuweka kitu, nami nikanusa woga. Ya tano ikawa mbili nyingine. Katikati palikuwa na 19,000. Nikasukuma zote nilizobaki nazo, 41,000.

Saa yake ilianza kuhesabu. Alichukua muda mrefu, labda sekunde ishirini. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti. Kisha akafuata, akaonyesha ree na sita. Jozi ya sita! Mtu kahatarisha chipu 41,000 kwa jozi ya sita. Kwenye kisanduku cha mazungumzo akaandika: "Asante, rafiki." Sikulala.

Kwa wiki kadhaa nilijiambia kwamba alibahatisha. Baadaye ndipo nilipokaa na kalamu. Nilikuwa nimeweka 41,000 ili nishinde 19,000. Ili kuzuga kwa namna hiyo kusiwe hasara, lazima atupe karata zaidi ya mara mbili katika kila tatu. Tena hadithi niliyokuwa namsimulia haikuwa na kichwa wala miguu. Kama kweli ningekuwa na mbili mkononi, zikawa tatu pamoja na zile za mezani, ningeweka dau dogo ili anilipe. Kama ningekuwa na kwini, nisingetaka kumfukuza. Moneymaker alipomtishia nyau Farha, mezani palikuwa na shupaza tatu na karata zinazokaribiana, 6, 8 na 9. Kila aina ya balaa ingeweza kuwa mkononi mwake. Mezani pangu palikuwa pakavu. Yule bwana hakuona moyo wangu ukidunda. Aliona hadithi isiyounga, basi.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, na kusema kweli ni kama ndio pekee, ni huu: usitake kumwonyesha bingwa kwamba wewe pia ni mjanja. Ujanja ndio kazi yake. Anaufanya kila siku, na akimaliza kucheza anarudia mikono yake (kila mgao wa karata ni mkono) kwenye programu zinazokokotoa mchezo sahihi wa kila hali. Wengine hutumia programu zinazowaonyesha pembeni ya jina lako unacheza asilimia ngapi ya karata unazogawiwa na mara ngapi unakimbia ukitishwa. Majukwaa mengine yamezipiga marufuku, mengine bado yanaziruhusu. Ukimvuta kwenye mkono mrefu, wenye chipu nyingi na maamuzi manne mfululizo, kila uamuzi anakuzidi kidogo, na mwisho wa siku hicho kidogo ni rundo lako lote.

Sasa umkabili wapi? Mahali ambapo maamuzi ni machache. Chipu zako zikishuka hadi mara kumi au kumi na mbili ya dau kubwa la lazima, mchezo unageuka kuwa mfupi: unaweka zote kabla ya karata za mezani, au unatupa. Hesabu ya hapo ilishafanywa zamani, majedwali yapo, na mtu mwenye kumbukumbu ya kawaida anaweza kuyashika kwa wiki chache. Ukiwa na kitufe na madau kumi, jozi yoyote unasukuma, ree karibu yoyote unasukuma. Bingwa anayajua, lakini ukiyajua na wewe, pengo lenu limebaki uzi. Mimi nilikuwa nadharau majedwali haya. Nilikuwa naona ni ya waoga, kumbe yalikuwa yanawaokoa wale niliowaita waoga.

Na usipoteze dau lako la lazima bure kwa sababu tu aliyepandisha ni fulani. Rudi kwenye mkono wangu: kulikuwa na 4,400 zake, 3,000 za madau ya lazima (2,000 zangu na 1,000 za dau dogo) na 2,000 za kiingilio cha meza. Jumla 9,400, na mimi nadaiwa 2,400 tu. Hapo nahitaji kushinda takribani asilimia 20 tu ya nyakati. Kufuata halikuwa kosa. Kosa lilikuja baada ya hapo. Karata mbili zisizo jozi hupata jozi kwenye tatu za kwanza za mezani kama mara moja katika kila tatu. Umekosa? Akiweka dau, tupa. Uende. Hakuna anayekuhesabia aibu.

Halafu kuna ukingo wa malipo, pale ambapo wamebaki wachache tu watolewe ili wote waliosalia walipwe. Hapo mabingwa hugeuka fisi. Mwenye rundo kubwa hupandisha karibu kila mkono, kwa sababu anajua unaogopa kutoka. Na kuogopa si ujinga: kwenye mashindano chipu unayoipoteza ina thamani kuliko ile unayoipata, maana ukizimaliza umekwisha, ila ukiziongeza mara mbili zawadi yako haiongezeki mara mbili. Mfano ulio wazi kabisa ni mashindano ya kugombea tiketi. Zipo tiketi kumi zenye thamani moja, wamebaki watu kumi na mmoja. Kama una rundo la kutosha, kuna nyakati hata ree mbili, mkono bora kuliko yote, zinatupwa. Mara ya kwanza kuambiwa hivyo nilibisha nusu saa. Kwa hiyo mwenye rundo kubwa kuliko lako mkwepe mpaka uwe na karata za kweli, na presha yako ipeleke kwa wale ambao wewe ndiye unaweza kuwatoa.

Silaha nyingine tunayo na hatuitumii. Yeye anacheza meza nane, kumi na mbili, wakati mwingine zaidi kwa mpigo. Wewe una moja. Yeye hana muda wa kuona kwamba yule wa kiti cha tatu hupandisha dau kubwa akiwa na jozi na dogo akiwa hana kitu. Wewe unao, lakini uko kwenye simu unaangalia video! Jamani. Zima hiyo simu. Fika mapema pia. Wengi wa kulipwa huingia dakika za mwisho za usajili, na saa ile ya kwanza imejaa wenzako wanaofuata kila dau. Chipu zao ndizo za kukusanya. Kuna watu wanaingia mashindanoni kama vile wametumwa kumwangusha bingwa mmoja, wakati pesa nyingi mezani inatoka kwa wasio mabingwa. Nilikuwa mmoja wao, kwa miezi, nikilitafuta jina lile kwenye orodha ya washiriki kila nilipoingia. Ni ugonjwa huo. Usicheze kwa kisasi, usicheze na hasira, na usicheze na pesa ambayo ukiipoteza kesho nyumbani kuna swali.

Haya, tuje Jumapili.

Tulibaki tisa. Na nani kaketi upande wa pili? Jina lilelile. Mikono iliniloa, lakini safari hii sikuwa na mpango wowote juu yake. Nilitupa mkono baada ya mkono. Mara mbili alinipandishia nikiwa na karata za kujaribiwa nazo, ree na tisa, kingi na kumi, nikatupa. Aliyumba mwenyewe kwa mchezaji mwingine, akabaki na madau tisa. Na hapo ndipo nilipoelewa yale majedwali kwa undani. Ujuzi wake wote, miaka yake yote, ulikuwa umebanwa kwenye maamuzi mawili tu, kama mimi: weka zote au tupa. Aliweka zote akiwa na kitufe. Mimi nilikuwa na madau kumi na nne, na mkononi jeki mbili. Nilifuata kabla kidole hakijaanza kutetemeka.

Ree na kingi alikuwa nazo. Kwa hesabu hiyo ni kama 57 kwa 43 upande wangu, si mlima wa kujivunia. Mezani zikaja nne, nane na kwini. Nikapumua. Ya nne ikawa kumi, na pumzi ikarudi ilikotoka: sasa alikuwa na ree tatu, kingi tatu, na hata zile jeki mbili zilizobaki zingemkamilishia mfululizo. Karata nane kati ya 44. Asilimia 18. Nimewahi kupoteza kwa asilimia ndogo kuliko hiyo, nikaapa kuacha, nikarudi kesho yake.

Ya tano ilikuwa tatu ya pau.

Nilikitazama kile kisanduku cha mazungumzo kwa dakika mbili nzima nikingoja aandike chochote, hata tusi. Nilikuwa nimeshaliandika "Asante, rafiki" langu, bado kubonyeza tu. Jina lake likazimika mezani, kiti kikabaki kitupu, nami nikafuta herufi moja baada ya nyingine kwa sababu mkono mwingine ulikuwa umeshagawiwa. Nilimaliza wa nne. Aliyenitoa ni mtu wa ridhaa kama mimi: nilisukuma zote kwa ree na kwini, akanifuata na kwini na nne, nne ikamjia mezani.