Pikapu ya dizeli iliyolala miaka: maswali yenu wiki hii

Mafundi, Hilux ya baba yenye injini ya 3L imesimama uani miaka minne. Nimenunua betri mpya. Nipige stata tu? (Kasarani)

Bado, ndugu yetu. Stata huzungusha kwa nguvu bila kujali kilichokwama ndani. Mkono huhisi mapema. Anza na belti ya taimingi, inayooanisha valvu na pistoni, kwa kuwa 3L (hilo ni jina la injini, si lita tatu) inayo. Mpira ukikaa hupata nyufa, na belti ikikatika valvu hugongana na pistoni. Kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000, lakini kwa gari lililolala hivi usihesabu kilomita: weka mpya pamoja na tenshona yake, yaani kikaza belti. (Wenye Nissan ya TD27 hawana hofu hii, yao inatumia gia. Wenye Mitsubishi ya 4D56 wanayo.)

Kisha fungua hita plagi (zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha) zote nne, tia kijiko kimoja cha oili safi katika kila silinda, uache usiku kucha. Usizidishe, maana oili haibanwi, na silinda ikijaa unaweza kupinda konrodi, mkono unaoshika pistoni. Kesho yake weka gia huru, tia soketi kwenye boliti ya puli ya mbele, uzungushe polepole mizunguko miwili kamili ili silinda zote zipite. Ikigoma, usirefushe mpini kwa bomba. Ongeza oili kidogo, subiri siku mbili, halafu jaribu kuichezesha mbele na nyuma.

Badilisha oili na filta yake. 15W-40 ya dizeli inafaa. Tangi likishasafishwa kama tunavyoeleza hapa chini, chomoa waya wa solenoidi ya pampu ya dizeli (kizibo cha umeme kinachofungua na kukata dizeli), funika matundu ya hita plagi kwa kitambaa, upige stata hadi taa ya oili izime. Oili inakuwa imefika kwenye beringi kabla injini haijabeba mzigo wowote.

Tangi lina dizeli nusu, ya tangu 2020. Fundi anasema niongeze mpya juu yake na lita tano za mafuta ya taa zisafishe laini. (Ruai)

Tafadhali usikubali. Unyevu wa hewa iliyo ndani ya tangi hugeuka maji, maji hutulia chini, na pale yanapokutana na dizeli huota vijidudu vinavyoacha utelezi mweusi. Huo ndio unaoziba filta. Pampu ya dizeli ya aina ya VE, iliyofungwa kwenye pikapu nyingi za zamani, hulainishwa na dizeli hiyo hiyo inayopita ndani yake. Maji huipiga kutu, na mafuta ya taa ni mepesi mno kuilinda. Pampu ikifa utalipa zaidi ya gharama ya tangi, filta na mipira vyote pamoja.

Fungua plagi ya chini ya tangi na kinga mafuta ya mwanzo kwenye chupa ya maji inayoonyesha ndani. Iache saa moja. Ukiona tabaka chini au makombo ya kutu, shusha tangi. Likiwa chini unaweza kulisuuza kwa mafuta ya taa, mradi ulikaushe kabisa. Laini zipulize kwa hewa zikiwa zimeng'olewa kwenye pampu, mipira iliyokakamaa itupe, funga filta mpya, tia lita kumi za dizeli mpya. Ile ya zamani usiimwage mtaroni, itaishia mtoni.

Filta mpya, betri nzuri, stata inazunguka, lakini haiwaki wala haitoi moshi hata kidogo. (Rongai)

Bila moshi wowote, dizeli haifiki kwenye silinda. Washa swichi na usikilize solenoidi iliyo juu ya pampu: inapaswa kulia "ta!" na kupata volti 12. Isipolia, fuata waya wake. Panya hupenda hapo.

Ikilia, kuna hewa kwenye laini ya dizeli. Bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta hadi iwe ngumu. Kama haikazi kamwe, hewa inaingia kwenye mpira uliopasuka au oringi ya filta. Ikikaza, legeza nati za paipu kwenye nozeli (zinazonyunyizia silinda dizeli) kwa spana namba 17, nusu mzunguko tu, mwenzako apige stata sekunde kumi na kuipumzisha dakika moja. Kwanza hutoka povu, kisha matone, kisha dizeli safi inayoruka kwa mapigo. Hapo kaza moja baada ya nyingine. Usiweke kidole kwenye dizeli inayoruka: presha yake hutoboa ngozi.

Dawa ya kupuliza ya kuwashia je? (Kikuyu)

Hapana, hasa kwenye injini yenye hita plagi. Huwaka kabla pistoni haijafika juu, na huvunja ringi za pistoni.

Imewaka! Lakini moshi ni mweupe na injini inatetemeka. (Embakasi)

Pongezi. Moshi mweupe wa asubuhi ya baridi ni dizeli isiyoungua. Legeza nati za nozeli moja moja injini ikizunguka. Ile ambayo ukiilegeza husikii tofauti ndiyo ya silinda iliyolala. Pima hita plagi yake, kisha nozeli. Ukinunua hita plagi, soma volti zilizochapwa juu yake, kwa sababu zinatofautiana. Injini ikipata moto na moshi mweupe ukaendelea huku maji ya redieta yakipungua, gasketi ya hedi ndiyo ya kushukiwa.

Siku ya kuwasha niwe na nini mkononi? (Kariobangi)

Kipande cha ubao kinachofunika mdomo wa hewa ya injini. Pampu iliyokaa inaweza kukwama kwenye mafuta mengi na mzunguko wa injini ukapanda bila kushuka. Chomoa waya wa solenoidi. Isipozima, ziba hewa kwa ubao, kamwe si kwa mkono wala kitambaa.

Klachi inashuka lakini gia haziingii. (Ruiru)

Sahani ya klachi imegandana na flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini. Pasha injini moto, izime, weka gia ya nne, kanyaga klachi na breki hadi mwisho, mwenzako apige stata kidogo. Mbele pawe wazi. Breki zenyewe zikague kwanza: fungua dramu za nyuma, na ubadilishe maji ya breki yote, maana hunyonya unyevu. Kwenye tairi soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyochapwa ubavuni: 1418 ni wiki ya 14 ya mwaka 2018, na tairi la umri huo hatulipeleki Thika Road hata kama meno yake bado marefu.