Maswali yenu ya ajali za NASCAR: msipime kwa macho

Barua za safari hii karibu zote zinahusu ajali. Nimechagua zinazogusa usalama wa dereva. Walioniuliza nani atachukua ubingwa watasubiri. Anayeifuata safu hii anaijua NASCAR, yale mashindano ya mbio za magari ya Marekani, kwa hiyo maelezo ya mwanzo siyarudii.

Mwandishi, habari za kazi. Dereva Ryan Preece alibiringika kwenye uwanja wa Daytona Agosti 2023 hadi nikashindwa kuhesabu, na wiki iliyofuata alikuwa kwenye usukani. Mwenzake Kurt Busch aligonga ukuta kwenye uwanja wa Pocono mara moja tu, hakurudi tena. Inakuwaje? (Mwanza)

Kinachomuumiza dereva ni namna mwendo wake unavyokatika. Gari linapobiringika kwenye nyasi, kila pigo linang'oa kitu: bampa, boneti, gurudumu. Kila kinachong'oka kinaondoka na sehemu ya nguvu, na mwendo unaisha kidogo kidogo kwa sekunde kadhaa. Dereva aliyefungwa barabara, kiti kikamkumbatia mbavu, mabega na kichwa, anatikisika sana lakini mwili wake unapata muda. Preece alilala hospitali usiku mmoja, akaruhusiwa.

Sasa tazama ya Busch, tarehe 23 Julai 2022, wakati wa kugombea nafasi za kuanzia. Gari lilizunguka, likagonga ukuta kwa nyuma, likatulia. Hapakuwa na moto wala kuruka. Lakini lile gari jipya la mbio lililoanza kutumika msimu huo lilikuwa gumu mno upande wa nyuma. Chuma hakikukunjika, kwa hiyo mshtuko ulipita moja kwa moja hadi kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti hadi kichwani. Busch alipata mtikisiko wa ubongo, na kazi yake ya mbio ikaishia hapo. Septemba mwaka huohuo Alex Bowman naye akagonga ukuta kwa nyuma pale Texas. Alimaliza mbio, kisha dalili zikajitokeza, akakosa mbio tano.

Madereva walikuwa wamelalamika juu ya ugumu wa gari hilo mapema. Fremu ya nyuma ilibadilishwa kwa ajili ya msimu wa 2023. Kwangu mimi, malalamiko ya watu wanaokaa ndani ya gari yalitosha kuwa ushahidi. Hapakuwa na haja ya kungoja Busch, bingwa wa 2004, apoteze kazi. Na watangazaji wa mbio nawasihi: msiseme "ajali ndogo" kabla daktari hajasema.

Hivi si Sterling Marlin ndiye aliyemuua dereva mwenzake Dale Earnhardt pale Daytona mwaka 2001? (Dar es Salaam, na wengine wengi)

Hapana. Kila Februari swali hili linarudi, na kila mara jibu ni hilo. Gari la Marlin na la Earnhardt yaligusana katika mzunguko wa mwisho wa Daytona, jambo ambalo hutokea. Marlin alitishiwa kuuawa, mpaka mtoto wa marehemu, Dale Earnhardt Jr., akalazimika kuwaomba mashabiki waache kumlaumu. Kama mfiwa mwenyewe alisema hivyo, wewe uliyekaa mbele ya runinga una deni gani na Marlin? Sitalijibu tena.

Basi nini kilimuua? Nimeitazama video mara nyingi, naona kagonga kawaida tu. (Tabora)

Ndiyo maana kichwa cha habari hapo juu kinasema msipime kwa macho.

Ilikuwa 18 Februari 2001, kona ya nne. Gari lake lilikata kwenda kulia, likakutana na la Ken Schrader, yote mawili yakaingia kwenye ukuta wa zege. Schrader alitoka, akachungulia dirishani kwa mwenzake, akaita madaktari waje haraka. Uchunguzi uliotolewa Agosti mwaka huo ulikadiria kwamba mwendo wa gari la Earnhardt ulibadilika kwa karibu kilomita 70 kwa saa ndani ya muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde. Usidanganywe na hiyo 70. Barabarani unaposhika breki kutoka mwendo huo unatumia sekunde kadhaa. Yeye alipewa kufumba na kufumbua jicho, na ukuta haukuachia hata kidogo. Mwili ulizuiwa na mikanda, mkanda wa kiuno wa kushoto ukakatika, kichwa kikaendelea na safari yake. Fuvu likavunjika kwenye kitako chake, pale linapoikalia shingo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jambo hili halikuwa geni. Mei 2000, Adam Petty, kijana wa miaka 19, alikufa akifanya mazoezi New Hampshire. Julai, Kenny Irwin Jr. akafa kwenye uwanja uleule, kona ileile. Oktoba, Tony Roper akafa baada ya kugonga ukuta Texas. Wote ni majeraha ya kichwa na shingo. Na dawa ilikuwa tayari dukani! Profesa Robert Hubbard wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, pamoja na shemeji yake Jim Downing aliyekuwa dereva wa mbio, walianza kutengeneza kifaa cha HANS tangu miaka ya 1980. Ni nira ya nyuzi za kaboni inayokaa mabegani chini ya mikanda, ikiunganishwa na helmeti kwa kamba fupi mbili, ili kiwiliwili kikizuiwa na kichwa nacho kizuiwe. Siku ile Daytona waliokivaa walikuwa wachache. Wengi walisema kinabana, kinawazuia kugeuka.

Hata baada ya kumzika Earnhardt kikaendelea kuwa hiari. NASCAR ililazimisha kinga ya kichwa na shingo, HANS au nyingine ya aina yake, Oktoba 2001, baada ya Blaise Alexander kufa katika mbio za ARCA, mashindano ya ngazi ya chini, pale Charlotte. Hesabu misiba hiyo: mitano katika muda usiofika mwaka mmoja na nusu. Tangu Februari ile hakuna dereva mwingine aliyekufa mbioni katika ngazi tatu kuu za kitaifa za NASCAR. Anayewaambia kwamba kifo ni sehemu ya mchezo, mwonyesheni miaka hiyo.

Je, HANS inanifaa kwenye gari langu la kwendea kazini? (Mombasa)

Haikufai. Inahitaji mikanda inayobana mabega yote mawili. Wewe funga mkanda uliokuja na gari, na abiria wako wa nyuma wafunge pia, watoto kwenye viti vyao. Naona watu wanabishana juu ya vifaa vya mbio huku mtoto kasimama katikati ya viti viwili vya mbele.

Gari lile lina airbag? (Kigoma)

Halina. Magari yale yanagusana mbio nzima, mfuko ungefumuka kila mara. Kazi hiyo inafanywa na kiti, mikanda na HANS.

Kwa nini wasipunguze mwendo tu yakaisha? Huku Minneapolis tunabishana kila Jumapili.

Walishapunguza, na kilichofuata hakikuwa rahisi kama mnavyodhani.

Mwaka 1987 Bill Elliott alizunguka uwanja wa Talladega kwa zaidi ya kilomita 342 kwa saa akigombea nafasi ya kwanza ya kuanzia. Katika mashindano hayohayo tairi la Bobby Allison lilipasuka, gari likapaa na kurarua uzio mbele ya watazamaji, baadhi yao wakaumia. Kuanzia 1988 injini zikabanwa hewa kwenye viwanja vile viwili vikubwa, Daytona na Talladega. Mwendo ukashuka kweli. Ila injini zote zilipodhoofishwa kwa kipimo kimoja, hakuna aliyeweza kumwacha mwenzake. Wakaanza kukimbia kwa kundi, bampa kwa bampa, na kosa la mmoja likawa linazoa ishirini.

Hapo ndipo alipopatikana Ryan Newman, tarehe 17 Februari 2020. Alikuwa anaongoza mzunguko wa mwisho wa Daytona 500, akasukumwa, akagonga ukuta, akapinduka, na gari la Corey LaJoie likamgonga upande wa dereva akiwa juu chini. Nilidhani nimeona kifo. Siku mbili baadaye alitoka hospitali kwa miguu yake, kawashika mabinti zake wawili mikono. Kilichomwokoa ni kizimba cha vyuma kilichoimarishwa mwaka baada ya mwaka, kiti kinachokumbatia, na kofia na nira yake.

Kwa hiyo kupunguza mwendo ni sehemu ya jibu. Sehemu kubwa zaidi ni kurefusha ule muda wa kusimama. Ukuta wa SAFER, kazi ya Dean Sicking na wenzake katika Chuo Kikuu cha Nebraska, unafanya hivyo: mabomba ya chuma ya mraba mbele, povu gumu nyuma yake, zege mwisho. Gari likigonga, ukuta unarudi nyuma kidogo na kubeba sehemu ya pigo. Ulifungwa Indianapolis kwa mara ya kwanza mwaka 2002.

Na hapa nina ugomvi wangu wa siku zote. Viwanja viliufunga pale walipodhani magari yatagonga. Februari 2015, miaka 13 baada ya Indianapolis, Kyle Busch, mdogo wake Kurt, aliteleza Daytona akaufuata ukuta wa ndani ambao ulikuwa zege tupu. Alivunjika mguu wa kulia na unyayo wa kushoto, akakosa mbio 11. Uongozi wa uwanja ulikiri hadharani kwamba haukutimiza wajibu wake, kisha fedha za kufunga ukuta laini zikapatikana. Kwamba alirudi akatwaa ubingwa mwaka uleule ni sifa yake yeye, na haliufuti uzembe ule. Gari lililokosa mwelekeo halichagui ukuta. Zege lolote ambalo gari linaweza kulifikia ni la kufunikwa.

Ule wavu wa dirishani ni wa nini? (Arusha)

Kuzuia mkono na kichwa visitoke nje. Ulilazimishwa baada ya Richard Petty kupinduka Darlington mwaka 1970 mkono wake ukiwa unaning'inia dirishani. Dereva aliye salama huushusha, na waokoaji wanaelewa.

Dereva ametoka mwenyewe, anapunga mkono, anasema yuko salama. Ya nini kumlazimisha aende kwa daktari? (Bujumbura)

Kwa sababu dereva ni shahidi mbaya wa kichwa chake mwenyewe. Dale Earnhardt Jr. aligonga ukuta akijaribu matairi Kansas, Agosti 2012, akajua kabisa kichwa hakiko sawa, akanyamaza na kuendelea kushindana. Oktoba akagongwa tena Talladega, ndipo akasema, akakaa nje mbio mbili. Mwaka 2016 tatizo likamrudia likamtoa nusu ya msimu. Tangu 2014 kila dereva wa NASCAR hupimwa ubongo kabla ya msimu, ili akigonga kuwe na kitu cha kulinganisha. Mtindo wa kumsifia dereva kwamba "kakaza" baada ya kugonga mimi siupendi hata kidogo, na kwenye rali zetu nausikia sana.

Kaka, naanza mashindano ya mzunguko kwenye vumbi hapa Nakuru. Nina helmeti ya pikipiki, na kuna jamaa ananiuzia mikanda ya pointi nne iliyotumika, bei nzuri. Ninunue? (Nakuru)

Usinunue.

Mikanda ya mbio ina lebo ya tarehe, na ina mwisho wake wa matumizi. Jua na jasho vinaudhoofisha uzi bila wewe kuona, na mkanda uliokwisha kubeba ajali moja umeshanyooka. Hautakushika mara ya pili. Hujui huyo jamaa aliutoa kwenye gari gani. Pia usiufunge kwenye kiti cha kawaida kinacholala nyuma. Anza na kiti kisichopinda kilichofungwa kwa boliti kwenye sakafu, kisha mikanda, na mkanda wa kiuno ukae chini kwenye mifupa ya nyonga. Ukipanda tumboni, siku ya kugonga utakukata ndani.

Helmeti ya pikipiki ibaki kwa pikipiki. Ya gari hupimwa kwa moto na kwa mapigo ya kurudiarudia dhidi ya vyuma, na ina sehemu za kufungia HANS. Ikishapigwa mara moja kwa nguvu, itupe hata kama rangi haijachubuka, kwa sababu povu la ndani likishabonyea halirudi. Vyuma vya kizimba vilivyo karibu na kichwa vivike povu gumu. Wengi hapa kwetu wanaviacha vitupu na kuvipaka rangi.

Najua gharama. Kaa msimu mmoja bila kushindana, ukusanye. Kiti, mikanda mipya, helmeti, HANS, kwa mpangilio huo. Injini na rimu zije baadaye.